Mwalimu wa Kung Fu Ambaye Hakukanyaga Temeke

Katibu wa umoja wetu ameniandikia kuniomba makala ya historia juu ya michezo ya shule yetu katika miaka ya sabini. Naamini wenzangu watawaletea habari za timu ya mpira na za mbio za nyika, nao wana haki, kwani walivaa jezi. Mimi sikuvaa jezi yoyote. Mchezo wangu ulikuwa mmoja, haukuwamo katika ratiba ya shule, haukuwa na mwalimu, na mwaka 1976 ulipigwa marufuku mbele ya paredi ya asubuhi kwa sababu yangu mimi. Mchezo wenyewe ni kung fu.

Nimesema haukuwa na mwalimu. Hapo nimekosea, na kosa hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu. Mwalimu tulikuwa naye. Tulimwona siku za Jumamosi juu ya kitambaa cheupe, gizani, tukiwa tumebanana katika viti vya mbele vya bei nafuu. Alikuwa Mchina wa Hong Kong, jina lake Bruce Lee, na sisi tulipoanza kumfahamu yeye alikwisha fariki tangu tarehe 20 Julai 1973. Hakukanyaga Temeke wala Kinondoni, wala sidhani kama alipata kusikia kuwa kuna mahali panapoitwa hivyo. Hata hivyo sijui mwalimu gani wa darasani aliyekuwa na wanafunzi wengi kama yeye katika Dar es Salaam ya siku zile. Nataka nieleze alichofundisha mtu huyo, tulichojifunza sisi, na kwa nini viwili hivyo havikuwa kitu kimoja.

Wadogo zetu mlioko madarasani leo hamtaamini, lakini mji huu ulikuwa mji wa sinema. Mjini kati zilikuwako Empire, Empress, Avalon, Odeon, Cameo na New Chox. Upande wa Msasani, tangu 1966, ilikuwako Drive-In, ambako wenye magari walitazama picha wakiwa wamekaa ndani ya magari yao, na sisi tusio na magari tulitazama kwa nje ya uzio bila kusikia neno. Kwa picha za kung fu kutosikia hakukuwa hasara kubwa. Wanafunzi wa shule yetu tulitoka pande zote, wengine Kinondoni na Mwananyamala, wengine Magomeni, na sisi wa Temeke, Keko na Chang'ombe. Picha ikiisha, fedha ya nauli ilikuwa imekwisha kwenda kwenye tiketi, kwa hiyo tulirudi kwa miguu kupitia Gerezani na Keko. Njia nzima tulikuwa tukipigana. Kila nguzo ya umeme ilikuwa adui, na kila mmoja wetu alikuwa stelingi.

Kwa nini yeye? Picha za Kihindi tulizipenda, za wachunga ng'ombe wa Kimarekani tulizipenda pia, lakini hatukurudi nyumbani tukiimba au tukipanda farasi. Nadhani jibu moja ni kwamba mtu huyu hakuwa na kitu. Hakuwa na bunduki, gari, farasi wala fedha. Katika picha yake ya kwanza kubwa, The Big Boss ya mwaka 1971, ni kibarua wa kiwanda cha barafu. Sisi tulikuwa watoto wa Azimio la Arusha, tumeambiwa tangu darasa la tatu kuwa mtu hujitegemea kwa mikono yake, na hapa palikuwa na mtu anayejitegemea kwa mikono yake na miguu yake pia. Jibu la pili ni lile tukio la Fist of Fury, ya 1972, ambapo yuko Shanghai na anazuiwa mlangoni mwa bustani kwa sababu ya kibao kinachokataza mbwa na Wachina kuingia. Anakiruka kibao kile na kukivunja vipande kwa teke. Nakumbuka ukumbi ulivyolipuka. Hawakupiga kelele vijana peke yao. Nyuma yetu walikaa watu wazima waliokulia katika Dar es Salaam iliyogawanywa Uzunguni, Uhindini na Uswahilini, na watu wale walisimama juu ya viti.

Sasa, ndugu zangu, kumbukeni kwamba mji wetu wakati huohuo ulikuwa na Wachina wa kweli. Kiwanda cha nguo cha Urafiki pale Ubungo, ambapo siku hizo ni Kinondoni, kilifunguliwa mwaka 1968 kwa mkopo wa China na kilikuwa na mafundi wa Kichina. Reli ya TAZARA, kilometa 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ilianza kujengwa 1970 na kukabidhiwa rasmi Julai 1976. Maelfu kwa maelfu ya mafundi na vibarua walikuja kwa ajili yake kutoka China. Sehemu ya gharama za hapa nchini ililipwa kwa kuuza bidhaa za Kichina katika maduka yetu ya umma, ndiyo maana maduka yalijaa baiskeli, thermosi, kalamu za wino, na vile viatu vyeusi vya kitambaa vyenye soli nyembamba. Vijana walivigombea viatu vile. Wazazi wetu waliona viatu rahisi, sisi tukaona viatu vya Bruce Lee.

Basi tuliamini, bila kuambiwa na yeyote, kwamba kila Mchina wa reli ni bingwa wa kung fu aliyejificha katika nguo za kazi. Tuliambizana kuwa usiku hupaa juu ya paa za kambi. Jumapili moja ya mwaka 1975, nikiwa kidato cha pili, tulikwenda wanne hadi kambi mojawapo isiyo mbali na stesheni mpya, upande wetu wa Temeke, kuomba kufundishwa. Mlangoni tulimkuta bwana mmoja wa makamo, shati la kijivu limefungwa vifungo mpaka shingoni. Kiongozi wetu akasimama wima, akaweka ngumi ndani ya kiganja kama tulivyoona kwenye picha, akainama. Yule bwana akamtazama kwa mshangao mkubwa. Tukaona hatuelewi, tukapaza sauti: "Bruce Lee! Bruce Lee!" Akaingia ndani akarudi na mkalimani, kijana aliyesema Kiswahili safi cha kitabuni. Mkalimani akatuuliza taratibu tunamtaka nani. Tukarudia jina. Akafikiri, akauliza wenzake, kisha akatujibu kwa upole: "Rafiki, hapa kambini hakuna mfanyakazi mwenye jina hilo."

Tulidhani anatuficha. Kila mmoja wetu akapewa beji ya Mwenyekiti Mao, tukaondoka tukiwa na hakika zaidi kuliko tulivyokuja kwamba siri ipo.

Ilinichukua miaka mingi kufahamu kuwa bwana yule alisema kweli tupu. Hong Kong wakati ule ilikuwa koloni la Mwingereza, na picha zake hazikuonyeshwa China bara. Tena ilikuwa bado miaka ya Mapinduzi ya Utamaduni, 1966 hadi 1976, ambapo mambo ya kale yaliandamwa. Hekalu la Shaolin lenyewe, lile linalotajwa kila penye kung fu, lilivamiwa na Walinzi Wekundu, na watawa wake wakafedheheshwa. Serikali ilibakiza mchezo wa maonyesho uitwao wushu, wa mitindo na sarakasi, uliofundishwa katika timu za mikoa. Ni mpaka 1982, kwa picha ya Shaolin Temple aliyocheza Jet Li, ndipo China bara ilipoingiwa na wazimu kama ule ulioingia Temeke miaka saba kabla. Kwa hiyo pale mlangoni mwa kambi, mtoto wa Chang'ombe ndiye aliyemjua bingwa wa Wachina, na Mchina hakumjua. Sijapata kuona jambo la ajabu kama hilo katika historia ya mji huu, na halimo katika kitabu chochote tulichofanyia mtihani.

Tumweleze sasa huyo bingwa.

Bruce Lee alizaliwa San Francisco, Marekani, tarehe 27 Novemba 1940, kwa kuwa baba yake, mwigizaji wa opera ya Kikantoni, alikuwa safarini huko na kundi lake. Alilelewa Kowloon, Hong Kong, akaigiza katika picha tangu utotoni, na alikuwa mtundu wa mitaani asiyesikia. Yapata miaka kumi na mitatu alipelekwa kwa mzee Ip Man, mwalimu wa mtindo uitwao Wing Chun. Mzee huyu alizaliwa Foshan mwaka 1893 katika familia yenye uwezo, akapoteza mali, akahamia Hong Kong Wakomunisti waliposhika nchi, na huko akaanza kufundisha ili apate kula. Darasa lake la mwanzo lilikuwa la wafanyakazi wa mahoteli. Wasichana wanaosoma jarida hili na wajue kuwa masimulizi ya mtindo huo yanasema uliasisiwa na mwanamke, mtawa, akamfundisha mwanamke mwenzake, na jina la mtindo ni la huyo wa pili.

Somo la kwanza la Wing Chun huitwa Siu Nim Tao, yaani wazo dogo. Mwanafunzi husimama mahali pamoja, magoti yamebonyea kidogo, na kuusukuma mkono mmoja mbele polepole kama mtu anayesukuma mlango asimwamshe mgonjwa. Haruki, hatembei hata hatua moja. Wanafunzi wa Ip Man walitumia miezi na miezi kwenye somo hilo. Naomba msomaji alikumbuke, maana nitalirudia.

Mwaka 1959 wazazi walimpakia melini kwenda Marekani na dola 100 mfukoni, hasa kumwepusha na magomvi. Alifanya kazi katika hoteli moja ya Kichina mjini Seattle, akaingia Chuo Kikuu cha Washington 1961 na kusoma falsafa miongoni mwa mambo mengine. Huko ndiko alikoanza kufundisha, na mwanafunzi wake wa kwanza alikuwa Mmarekani Mweusi, Jesse Glover. Hili si jambo dogo. Wachina wengi wa Marekani wakati ule waliona kung fu ni mali ya nyumbani, isitolewe nje. Darasa lake lilikuwa na Weusi, Wazungu, Wajapani na Wafilipino. Mwishoni mwa 1964, mjini Oakland, alipigana faragha na mwalimu mwingine wa Kichina, Wong Jack Man. Mkewe Linda alieleza baadaye kuwa ugomvi ulikuwa juu ya kufundisha wasio Wachina. Upande wa pili ulikataa sababu hiyo, na hata mshindi wanabishania hadi leo.

Kwangu mimi mshindi si hoja. Hoja ni kwamba, kwa maelezo ya mkewe, Bruce Lee alishinda na akarudi nyumbani amekasirika. Aliona pambano limechukua dakika tatu badala ya sekunde chache, amehema kama mzee, na mikono aliyoizoea haikufaa kumkimbiza mtu anayerudi nyuma. Tangu hapo akaanza kukimbia kila siku, kuinua vyuma, kusoma habari za ndondi za Kizungu na mchezo wa vitara, na kutupa kila alichoona ni pambo. Mwaka 1967 alichobaki nacho akakiita Jeet Kune Do, njia ya ngumi inayozuia: usingoje pigo lifike ndipo ujibu, likute njiani.

Mafundisho yake yalikuwa mepesi kuyasema na magumu kuyafuata. Chukua kinachofaa, acha kisichofaa, ongeza cha kwako. Usipige mateke ya juu mtaani, kwa kuwa aliyesimama kwa mguu mmoja ni nusu mtu. Piga chini, kwenye goti au muundi wa mguu. Kwenye picha yeye mwenyewe alipiga mateke ya juu kwa kuwa watazamaji wanalipa kuyaona, na hakuficha tofauti hiyo kwa wanafunzi wake. Katika shule yake ya Los Angeles aliweka mlangoni kaburi dogo la mfano, la kumwombolezea mtu aliyekuwa huru kama maji kisha akakaushwa na mitindo ya kukariri. Na mwaka 1970 alifanya jambo ambalo walimu wachache duniani wamelifanya: alizifunga shule zake zote tatu, za Seattle, Oakland na Los Angeles, kwa hofu kwamba wanafunzi wataanza kuyachukua masomo yake kama sala ya kukariri.

Mwaka huohuo aliumia mgongo akiinua chuma, akalala miezi, akaambiwa hatapiga teke tena. Alijaza madaftari akiwa kitandani, na sehemu ya maandishi hayo ikatolewa kama kitabu mwaka 1975 baada ya kifo chake. Alipopona alirudi Hong Kong, na katika miaka miwili akacheza zile picha zilizotukuta sisi. Alifariki akiwa na miaka 32, kwa uvimbe wa ubongo, majuma machache kabla Enter the Dragon haijaonyeshwa. Kwetu tulisimuliana kuwa alipigwa kwa kidole na mzee wa siri akafa baada ya siku arubaini. Wengine walisema yu hai, amejificha.

Sitaki kumfanya malaika. Alikuwa mwepesi wa hasira, alijitesa kwa mazoezi kuliko mwili unavyohimili, na wacheza sinema matajiri aliwatoza ada ambayo kijana wa Temeke hangeilipa hata kwa kuuza nyumba ya babake. Lakini alikuwa mwalimu kweli. Sisi ndio hatukuwa wanafunzi.

Maana sisi tulichukua nini? Tulichukua sauti, kuruka, na nanchaku. Nanchaku ni vijiti viwili vilivyoungwa kwa mnyororo, silaha ya Okinawa ambayo haimo kabisa katika Wing Chun. Bruce Lee aliijua kwa rafiki yake Dan Inosanto, Mmarekani wa asili ya Ufilipino. Katika The Big Boss kijana yule amemwahidi mama yake kuwa hatapigana, na kwa karibu nusu ya picha anaitunza ahadi, anaona wenzake wanapigwa na anafunga ngumi tu. Unajua tulifanya nini katika nusu hiyo? Tulizomea. Tulipiga miluzi ili mwendesha mashine aharakishe.

Shule yetu ilikuwa na shamba, kama shule zote za Elimu ya Kujitegemea, na majembe yetu yalitoka kiwanda cha zana za kilimo cha Ubungo, UFI, kilichojengwa kwa msaada wa China. Niliiba mpini wa jembe, nikaukata vipande viwili, nikaviunga kwa kipande cha mnyororo wa baiskeli na misumari iliyopindwa. Wachina hawakutaka kunifundisha kwa hiari, nikaona wachangie kwa mpini. Kwa juma zima nilikuwa mfalme nyuma ya bwalo. Siku ya Ijumaa, saa ya mapumziko, nikizungusha mbele ya duara la watazamaji, msumari ulichomoka. Kijiti kimoja kilibaki mkononi, cha pili kiliruka na kumpiga mdomoni mtoto wa kidato cha kwanza aliyekuwa amejipenyeza mbele kwa sababu ya ufupi wake. Meno mawili ya juu yalitoka palepale.

Hakulia. Nakumbuka hilo kuliko damu. Aliokota meno yake, akayatazama, akanitazama mimi kama anayesubiri nieleze.

Sikueleza. Nilikimbia. Nilikuwa nimeona picha za Bruce Lee zisizopungua kumi na tano, kwa kurudia, na pale penye kuhitajiwa mtu asimame, miguu yangu ilijua jambo moja tu. Waliompeleka hospitali ni wasichana wawili wa kidato cha tatu na mpishi. Jumatatu Mwalimu Mkuu alinisimamisha mbele ya paredi. Alisema juu ya mtoto aliyeumia, kisha juu ya mpini, ambao ni mali ya umma, na nakiri kwamba watu walicheka kwenye mpini. Kung fu ikapigwa marufuku tangu siku hiyo. Nilipewa viboko na robo eka ya kulima peke yangu. Nyumbani baba alikwenda kwa wazazi wa mtoto, akaomba radhi kwa niaba yangu, akarudi hakuniambia neno kwa majuma mawili.

Sasa nirudi kwenye lile somo la kusimama. Mtaani kwetu Chang'ombe alikuwako kaka mmoja, fundi wa magari, ambaye jioni alikwenda mjini kufanya mazoezi katika Shule ya Sekondari ya Zanaki. Huko alifundisha Mmarekani Mweusi, Nantambu Camara Bomani, anayetajwa na wacheza karate wa nchi hii kuwa ndiye aliyeanzisha Goju-Ryu Tanzania mwaka 1973. Ilikuwa miaka ambayo Wamarekani Weusi wengi waliutazama mji wetu kama nyumbani. Mkutano wa Sita wa Umajumui wa Afrika ulifanyika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam Juni 1974. Baada ya mkasa wangu, baba alinipeleka kwa kaka yule akamwambia, "Huyu anataka kupigana. Mfundishe."

Kaka akanipeleka viwanja vya Mwembe Yanga, akaniambia nisimame. Vidole vya miguu ndani kidogo, magoti yamelegea, mikono mbele, pumua. Baada ya robo saa nikauliza ngumi tunaanza lini. Akasema, "Umeshaanza." Kesho yake vilevile. Juma la pili vilevile. Somo hilo huitwa Sanchin, vita vitatu. Juma la nne nilimwambia nina mtihani, sikurudi.

Nilipokuwa mtu mzima ndipo nilipofuatilia nasaba ya somo lile. Mwasisi wa Goju-Ryu ni Chojun Miyagi wa Okinawa, aliyefariki 1953. Mwalimu wa Miyagi alikuwa Kanryo Higaonna, naye katika karne ya kumi na tisa alivuka bahari hadi Fuzhou, China, akajifunza huko ngumi za Kichina, na Sanchin ni sehemu ya alichorudi nacho. Kwa hiyo kung fu niliyokwenda kuiomba mlangoni mwa kambi ya reli ilikuwa imeshafika mtaani kwetu, ila kwa njia ndefu: kutoka Fuzhou hadi Okinawa, Okinawa hadi Marekani, Marekani hadi Zanaki, Zanaki hadi kwa fundi wa magari wa Chang'ombe. Ilinisimamisha uwanjani kwa juma tatu na nusu, ikiwa na umbo linalokaribiana sana na lile wazo dogo la mzee Ip Man, somo la kwanza alilopewa Bruce Lee mwenyewe. Nikaikimbia kwa kuwa haikufanana na picha.

Mwaka wa juzi tulipokutana kwa sherehe ya umoja wetu, alikuja mzee mmoja mfupi, mnene kidogo, akanishika bega. Alipocheka niliona pengo. Hakuwahi kuweka meno ya bandia. Anasema mkewe alimpendea pengo hilo. Nilianza kumwomba radhi, jambo nililopaswa kulifanya miaka arubaini na kitu iliyopita, akanikatiza.

"Kaka, unajua nilikwenda wapi kidonda kilipopona?"

Nikasema sijui.

"Kwa yule fundi wa Chang'ombe. Nilisikia baba yako amekupeleka huko. Nikasema, akijifunza yeye na mimi nijifunze, maana siku nyingine nitajuaje? Nilipofika ulikwisha acha."

Alikaa kwa fundi miaka tisa. Baadaye mwenyewe alifundisha watoto wa Tandika na Mtoni, asubuhi za Jumapili, bila ada. Nikamuuliza kama picha za Bruce Lee aliziona. Akasema aliona moja, The Big Boss, na kipande alichokipenda ni kile cha mwanzo, kabla jamaa hajapiga mtu.

Kisha akanivuta nyuma ya bwalo, palepale, watu wengine wakiwa wanakula pilau. Akaniambia nisimame. Nikasimama, suti na tai, nikaweka miguu kama nilivyokumbuka. Alizunguka nyuma yangu, akabonyeza goti langu la kushoto kwa ncha ya kiatu chake.

"Vidole ndani kidogo, Kaka," akasema. "Haya, pumua."